Wifi Alivyotandika Hadi Akakosa Chumba

Watu husema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Mimi na wa kwangu tumepikika miaka thelathini na moja, ingawa sitadanganya, kuna siku nilitamani chungu kipasuke. Sababu ni moja tu: mke wa kaka yangu hajui kukaa. Ukimtembelea, hujamaliza chai yako kikombe kinakwenda kuoshwa. Akija kwangu, mimi fundi cherehani mwenye vipande vya vitambaa hadi chini ya kitanda, anafagia huku anasalimia. Miaka mingi niliamini anafanya vile ili kunisuta. Kwa hasira nikambandika jina la Bi Shuka, jina likashika mtaa mzima, naye akalipokea kama cheo.

Jina lilitokana na kazi yake. Ni mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, vyumba kumi na viwili, wageni wengi madereva na wachuuzi wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Alianza pale akiwa msichana, sasa ana wajukuu. Kila siku huamka saa kumi na moja kasoro, na wengine tunapopiga mswaki yeye ameshavua mashuka ya vitanda vitano. Ana sheria zake. Shuka lisiwe na mkunjo, pembe zikunjwe kama bahasha, glasi zilale kifudifudi, ndoo ya taka ibaki tupu. Sheria kubwa kuliko zote ni kwamba mgeni akiingia asione dalili yoyote kuwa kuna binadamu aliyewahi kulala humo. "Chumba kizuri," husema, "ni kile kinachokana."

Kaka yangu ni kinyozi, na mdomo wake unafanya kazi kuliko mkasi wake. Wateja wake wote wanajua lalamiko lake moja: tangu aoe hajawahi kumwona mkewe amelala jua likiwa limetoka. "Mimi nimeoa mgongo," huwaambia. "Kila nikifumbua macho namwona mgongo, umeinama mahali."

Kisha mwezi mmoja mgongo wenyewe ukagoma. Wifi alikuwa anachomeka shuka chumba cha saba, akashindwa kuinuka, wakamtoa akiwa amekunjika vilevile. Daktari akasema mbele yetu sote, bila kuzunguka: apumzike siku tano kamili, asiiname, asinyanyue kitu, alale. Akikaidi, mgongo utamwachisha kazi kabla mwajiri hajafikiria. Wifi akaitikia "ndiyo, daktari" huku mkono wake unanyoosha shuka la kitanda cha wagonjwa. Niliuona kwa macho yangu.

Kumpumzisha nyumbani ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Tulimlaza mara mbili, mara mbili tukamkuta uani na ndoo. Ndipo binti yao mkubwa, mwenye akili kutuzidi, akaja na habari: ameshawalipia wazazi wake hoteli katika mji wa watalii ulio ufukweni, siku nne, kula na kulala, na tiketi za basi hizi hapa. Jamani! Nilipiga vigelegele kama ninayekwenda mimi. Nilishona usiku na mchana, magauni matatu ya wifi, yote yasiyobana, na kaptura ya kaka yenye maua makubwa mekundu ambayo aliijaribu akagoma kuivua.

Siku ya safari kaka akamsimamisha mkewe mlangoni, mimi nikiwa shahidi.

"Kule wewe ni mgeni. Sema."

"Mimi ni mgeni."

"Mgeni anafanya kazi?"

"Hafanyi," akasema wifi, kisha akachokoza, "lakini si mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?"

"Jembe tumeliacha nyumbani. Dada, nisipomwona huyu mwanamke amelala saa mbili asubuhi, nikirudi natupa mashine ya kunyolea."

Yaliyofuata nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, na pale wanapobishana nimemwamini wifi, kwa kuwa kaka yangu hawezi kusimulia hata mvua bila kuiongezea radi.

Walifika alasiri. Hoteli ilikuwa nyeupe, ya ghorofa tatu, na wao walipewa chumba namba kumi na nne, ghorofa ya pili. Kitanda cha kulala watu wanne bila kugusana. Kiyoyozi. Roshani yenye viti viwili. Bafuni kulikuwa na sabuni mbili ndogo zilizofungwa kwenye karatasi, na mataulo manne meupe. Kaka alijirusha kitandani na viatu vyake, wifi akapiga ukelele uliosikika mapokezi. Dakika hiyohiyo simu yangu ikalia.

"Dada! Bahari iko dirishani! Yaani unafungua pazia, hii hapa!"

"Wifi anafanya nini?"

"Anakagua chini ya kitanda."

"Kaka!"

"Namtoa, namtoa!"

Alimshika mkono wakashuka hadi majini. Wifi hakuwa amewahi kukanyaga bahari maisha yake yote. Wimbi la kwanza likamvuta gauni, akapiga kelele. La pili likamlowesha hadi kiunoni, akaanza kucheka, na hakunyamaza. Kaka anasema alishtuka, maana hakujua mkewe ana kicheko kikubwa namna ile. Waliruka mawimbi mpaka midomo ikawa na chumvi, wakala samaki wa kukaanga wakiwa bado wamelowa, kisha wakapanda kulala wakicheka ngazi nzima kama watoto waliotoroka shule. Hata mgongo, anasema wifi, siku hiyo ulisahau kuuma.

Tatizo ni kwamba macho yake hayakusahau saa. Saa kumi na moja kasoro, pu, yakafumbuka.

"Nilijilazimisha, wifi yangu," aliniambia. "Nikatazama dari, dari likanitazama. Nikajisemea, mgeni hafanyi kazi, mgeni hafanyi kazi. Kaka yako alipoingia kuoga, nikasema basi ninyooshe hapa upande wangu tu."

Upande wake tu! Kaka alipotoka bafuni kitanda kilikuwa kimetandikwa, na alipomaliza kuvaa shati, bafu lilikuwa kavu. Wifi alikuwa amefuta kioo, bomba na sakafu. Sabuni za hoteli hakuzigusa, alikuja na kipande cha sabuni ya mche kutoka nyumbani. Mataulo yao pia hakuyagusa, kwani aliona ni dhambi kuyachafua, wakajifutia la kwao. Glasi alizilaza kifudifudi. Nguo alitundika kabatini, mabegi akayasukuma ndani kabisa, viatu chini yake, mlango ukafungwa. Taka, maganda mawili ya ndizi na tiketi za basi, alizitia kwenye mkoba wake akashuka nazo mpaka kwenye pipa la nyuma.

Na ufunguo? Kwao kule, mgeni akitoka huacha ufunguo mapokezi. Mapokezi hakukuwa na mtu saa ile, walikuwa wanapokezana zamu. Wifi akaingia nyuma ya kaunta kama yuko kazini kwake, akautundika mwenyewe kwenye msumari namba kumi na nne. Kisha akaenda kunywa chai na mumewe, roho kwatu.

"Mgongo?" kaka akauliza.

"Haumi," akasema. Ulikuwa unauma.

Walishinda ufukweni. Saa saba mchana wakarudi, mchanga mpaka masikioni, kaka na kaptura yake ya maua ya pili, maana nilimshonea mbili. Pale mapokezi alikuwa dada mwingine, wa zamu ya mchana.

"Tupatie ufunguo wa kumi na nne."

"Kumi na nne ina wageni, baba."

"Ndiyo. Wageni wenyewe ndio sisi."

"Hapana, baba. Kuna maharusi."

Kaka akamtazama wifi. Wifi akatazama msumari, hauna kitu. Dada wa mapokezi akaeleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu aliyepigwa na jua. Asubuhi mhudumu wa ghorofa ya pili alileta taarifa kuwa kumi na nne hakikulaliwa. Ufunguo ulikuwa msumarini. Sabuni hazikufunguliwa, mataulo makavu, taka hakuna hata punje. Wakaamua wageni wameghairi wakaondoka bila kuaga. Na kwa kuwa kiyoyozi cha maharusi kilikuwa kinadondosha maji katikati ya kitanda, wakawahamishia humo.

Kaka alipanda ngazi mbilimbili. Akabisha hodi. Akafungua kijana mwenye povu la sabuni masikioni na taulo kiunoni.

"Samahani, bwana mdogo, uko chumbani kwangu."

"Samahani, mzee," akajibu kijana, "mimi niko fungate."

"Hata mimi niko fungate! Fungua kabati!"

Bibi harusi ndiye aliyefungua. Kulikuwa na magauni mawili na kaptura ya maua, bado ina majimaji ya jana. "Mungu wangu," akasema binti wa watu, "tumeoga kwenye chumba cha watu!" Kisha akaiona ile kaptura nyingine mwilini mwa kaka, akaanza kucheka akashindwa kusimama.

Mpaka hapo ilikuwa raha tupu. Wifi mwenyewe alikuwa anacheka kwa aibu, kiganja mdomoni, akitafuta namna ya kueleza. Ndipo meneja akafika, mfupi, tai imemkaba, na nyuma yake mhudumu wa ghorofa ya pili.

Alikuwa mwanamke wa umri wa wifi, mwenye sare ya bluu. Wifi anasema kitu cha kwanza alichotazama ni mikono yake, imechubuka kwenye vifundo kwa dawa ya kusafishia, akajua bila kuambiwa yuko kazini miaka mingapi.

"Ulifungua kabati?" meneja akamuuliza.

"Sikufungua."

"Kanuni inasemaje?"

"Nifungue."

"Una barua mbili za onyo. Ya tatu inakupeleka nyumbani, unajua hilo." Aliyasema hayo mbele ya wote, kijana wa povu akiwapo. Mwanamke yule alijifuta mikono kwenye sare, na mikono haikuwa imelowa.

Nilimuuliza wifi alijisikiaje saa ile. Akaniambia alijisikia mwizi. Miaka yote aliamini kuwa usafi wake haumdhuru mtu, na sasa usafi huohuo unamtoa mwenzake kazini, kwa sababu yeye Bi Shuka alishindwa kukiacha kitanda kimoja kikiwa kimevurugika. Kicheko kikamkauka.

"Meneja," akasema, "kosa ni langu. Hicho chumba nilikitengeneza mimi asubuhi."

Meneja akatabasamu kwa huruma. "Mama, una roho nzuri, lakini usimfunike. Hicho chumba nilikiona mwenyewe kabla sijawapa hawa. Mgeni hawezi kutandika vile. Hata wahudumu wangu hawawezi."

"Lete mashuka," akasema wifi.

"Mama..."

"Nasema lete mashuka safi!"

Kaka akaruka katikati. "Mke wangu, mgongo! Daktari..."

"Kinyozi, nyamaza."

Mhudumu akaleta mashuka. Kitanda maharusi walikuwa wamekivuruga, nacho kisa chake tukiache, bibi harusi alikuwa anatazama dari. Wifi akavua yote kwa mvuto mmoja. Akalirusha shuka jipya mara moja tu, likapaa, likatua na mstari wake wa kati juu ya kati ya kitanda. Akachomeka miguuni, akakunja pembe, akapita upande wa pili, akakunja pembe, akalinyoosha kwa mkono kuanzia kwenye kiwiko. Hakuzunguka kitanda mara mbili, mhudumu hodari huzunguka mara moja. Shuka la juu, blanketi, mito. Kijana wa povu, ambaye alikuwa anapima kwa simu yake, akapiga kelele: "Dakika tatu!" Wakapiga makofi wote, hata dada wa mapokezi aliyepanda kuangalia fujo. Kaka anasema alijivuna mpaka kaptura ikambana, nami hilo nimeliamini.

Meneja akapitisha kiganja juu ya kitanda, kutoka kwenye mito hadi miguuni. Hakukuta hata mkunjo.

"Mama, unafanya kazi wapi?"

"Nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili. Sijawahi kuwa mgeni mpaka jana, na kama ulivyoona, sijui."

"Unatafuta kazi?"

"Hatafuti!" kaka akafoka. "Tumeikimbia kazi nyumbani, inatufuata hadi baharini!"

Watu wakacheka, lakini wifi hakucheka. "Na barua ya mwenzangu?"

Meneja akakohoa. "Kabati hakufungua, mama. Hilo ni kosa."

"Ni kosa. Mimi mwaka wangu wa kumi sikufungua kabati, dereva akasafiri bila suruali hata moja. Nilikaripiwa, sikufukuzwa. Huyu kosa lake ni moja, langu mimi ni kila kitu kilichomo humu. Kama kuna wa kuandikiwa barua, niandikie mimi."

Meneja akailegeza tai yake. Kisha akasema barua haitaandikwa, na kwamba maharusi watapewa chumba kikubwa cha ghorofa ya juu, na kila mmoja ashike njia yake. Maharusi wakaondoka wakishangilia, wakibeba viatu mikononi.

Wifi akataka kukaa. Hapo ndipo mgongo ulipodai chake. Alishika ukingo wa kitanda, nusu ameinama nusu amesimama, akashindwa kwenda mbele wala nyuma. Kaka alimshika kiuno asianguke. Alikuwa amemleta mkewe kote huko ili apone, na sasa amevunjika mbele yake.

Mhudumu hakuondoka na wengine. Akafunga mlango. Akafunua shuka lililotandikwa kwa ufundi wote ule, akamlaza wifi taratibu kwa ubavu, kwanza bega, kisha nyonga, kisha miguu. Alijua namna. Naye ana mgongo.

"Nitakuharibia kitanda," wifi akasema, "nina mchanga."

"Kiharibu."

"Nikipata nafuu nitaki..."

"Dada," akamkatiza yule mwanamke, "umeniokolea kazi yangu. Sasa niache niifanye. Kesho nitakuja saa nne. Nikikuta umetandika, barua ya kuacha kazi nitaiandika mwenyewe, na nitaandika kuwa sababu ni wewe."

Nadhani wifi alikuwa hajawahi kutishiwa kwa upendo. Alilala vile alivyolazwa, akala chakula cha jioni kitandani, kaka akimlisha na kumwaga mchuzi shukani makusudi. Anakana kuwa ni makusudi.

Sasa mimi nilikuwa huku, sijui lolote kati ya hayo. Kesho yake nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shule, wateja wawili wamekaa wanasubiri, simu ikalia. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

"Dada." Kaka ananong'ona. Kaka yangu tangu azaliwe hajawahi kunong'ona.

"Una nini? Uko wapi?"

"Niko bafuni. Dada, amelala."

"Saa hizi?"

"Saa hizi! Jua limejaa chumba kizima na amelala. Alfajiri macho yalifumbuka kama kawaida, nikambana mkono. Akaanza kushikashika shuka. Akaniuliza, kweli yule atakuja saa nne? Nikamwambia atakuja. Akasema, basi nisimtie matatani. Akageuka, akalala. Mara ya kwanza, dada. Mara ya kwanza naiona sura yake amelala mchana. Ana kakunyanzi kadogo hapa kwenye shavu, sikuwahi kukajua."

"Mdomo wazi?"

"Wazi kabisa!"

Nilicheka mpaka mteja mmoja akashtuka, kisha nikaona nalia. Miaka thelathini na moja nilidhani mwanamke huyu anafagia kwangu ili kunidharau. Kumbe hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia kwa sauti ya amri kwamba imetosha, mimi nikiwa wa kwanza kutomwambia. Nilimpa jina la kumcheka badala ya kiti.

"Toka bafuni," nikamwambia kaka. "Nenda polepole, uweke simu karibu naye."

Nikasikia mlango, nikasikia nyayo zake peku. Nikainua mguu kwenye kanyagio ili cherehani inyamaze, na wale wateja wawili nikawaashiria wanyamaze pia. Tukamsikiliza wifi yangu akikoroma, watu wazima watatu na sare za shule mapajani, hadi salio la kaka likaisha.